Kiti cha pweza, nungu bahari au jongoo bahari: kielelezo kipi kianze katika maabara za shule za Nyanda za Juu Kusini?

Shule ya sekondari iliyoko Mbeya, Njombe au Mafinga inayotaka wanafunzi wake wajifunze wanyama wa faila (yaani kundi kubwa la wanyama) ya Ekinodermata kwa kitu cha kushika mkononi, badala ya kutegemea mchoro wa ubaoni peke yake, hulazimika kuchagua. Vielelezo hutoka pwani, husafiri kwa basi zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, na fedha za maabara hugombewa na masomo mengine. Mwalimu akiambiwa ataje mnyama mmoja tu, kwa kawaida hutaja kiti cha pweza, yaani yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, na uchaguzi huo unaeleweka, kwa kuwa ndiye anayechorwa vitabuni na ndiye anayekumbukwa na mtoto aliyewahi kutembelea Bagamoyo au Kilwa. Hata hivyo, nikilinganisha kile ambacho kila mnyama wa faila hii anaweza kufundisha akiwa amekauka, juu ya meza, mbele ya darasa kubwa, naona kwamba kielelezo cha kwanza kinapaswa kuwa gamba la nungu bahari, yaani yule mnyama wa duara mwenye miiba ambaye waogaji huogopa kumkanyaga, na kiti cha pweza afuate nyuma yake. Sababu zangu zinahusu baiolojia ya wanyama hawa zaidi kuliko bei zao.

Kwanza niondoe tumaini la kupata mbadala wa karibu. Wanafunzi wa Kyela wanaoujua ufukwe wa Matema huuliza, na ni swali zuri, kwa nini mnyama huyu asitafutwe katika Ziwa Nyasa, ambalo kina chake hufikia takriban mita 700 na ambalo lina samaki wa aina nyingi kupindukia. Jibu ni kwamba miongoni mwa spishi zipatazo 7,000 za Ekinodermata zilizo hai leo, hakuna hata moja inayoishi nchi kavu au katika maji ya mito na maziwa yasiyo na chumvi. Wanyama hawa hawana figo wala kiungo kingine cha kutoa maji yaliyozidi mwilini; umajimaji wa ndani yao una chumvi kwa kiwango kinachokaribiana sana na cha bahari, ambacho ni takriban gramu 35 kwa kila lita, na sehemu za ngozi yao zinazotumika kuvuta hewa ni nyembamba mno kuweza kuyazuia maji. Mmoja wao akitumbukizwa Ziwa Nyasa, maji yataingia mwilini mwake, seli zitavimba, naye atakufa. Ziwa Rukwa lina magadi, na kule Ivuna watu wamepika chumvi kwa karne nyingi, lakini maji kuwa na chumvi hakuyafanyi kuwa bahari, kwa sababu uwiano wa madini yaliyomo ni tofauti. Kwa sababu hiyohiyo naishauri shule isijaribu kufuga wanyama hawa katika tangi la maji yaliyotiwa chumvi ya jikoni: hawatadumu, na hakuna somo lililo la lazima kiasi cha kuhalalisha vifo hivyo.

Kielelezo kizuri kinapaswa kuonyesha mambo matatu yanayoitambulisha faila hii. La kwanza ni mpangilio wa mwili katika sehemu tano zinazozunguka mhimili mmoja. La pili ni kiunzi cha ndani kilichojengwa kwa vibamba vya kalsaiti, yaani madini ya chokaa, vyenye matundu madogo mno, vikiwa vimefunikwa na ngozi. La tatu, ambalo halipatikani kwa mnyama mwingine yeyote duniani, ni mfumo wa mishipa ya maji. Maji ya mfumo huo huwasiliana na bahari kupitia kibamba chenye vitundu kinachoitwa madreporiti, hushuka katika mfereji wa mawe hadi kwenye mfereji wa mviringo unaozunguka koo, hugawanyika katika mifereji mitano mirefu, na mwisho hufika kwenye mamia ya miguu mirija, ambayo kila mmoja una kifuko cha misuli kinachobinywa ili mguu urefuke. Mnyama hutembea, hushika mawindo na kwa sehemu kubwa huvuta hewa kwa miguu hiyo. Vitabu vya zamani vilieleza kwamba miguu hiyo hunata kwa kunyonya. Sasa inafahamika kwamba kazi kubwa hufanywa na gundi ambayo mguu wenyewe huitoa, na kwamba kemikali nyingine huifungua gundi hiyo mguu unapotaka kuachia.

Kwa kipimo cha mambo hayo matatu, kiti cha pweza aliyekaushwa hutimiza la kwanza kikamilifu: mikono mitano inaonekana hata kutoka nyuma ya darasa. Madreporiti yake huonekana vizuri upande wa juu, pembeni kidogo ya kitovu cha mwili, na kwenye upande wa chini kuna mifereji mitano iliyo wazi inayoanzia mdomoni hadi kwenye ncha za mikono. Lakini miguu mirija, ambayo ndiyo kiini cha somo, husinyaa na kuwa nyuzi zisizotambulika, au hupotea kabisa. Vibamba vya kiunzi navyo hubaki vimefichwa chini ya ngozi iliyokauka, kiasi kwamba mwanafunzi hushika kitu kigumu chenye umbo la nyota bila kuona kimejengwaje. Rangi huisha. Spishi ya Protoreaster lincki, yenye vinundu vyekundu na ambayo huonekana sana katika mwambao wa Afrika Mashariki, ikikaushwa hubaki na umbo lake bila ule wekundu ulioifanya ipendwe.

Gamba la nungu bahari hufanya kinyume chake. Mnyama akifa, miiba hudondoka, ngozi nyembamba iliyolifunika gamba huoza, na kinachobaki ni kiunzi tupu ambacho mwanafunzi anaweza kukisoma kwa kidole. Kwa nungu bahari wa kawaida wa duara, gamba lina safu 20 za vibamba zilizopangwa wima, mbilimbili, hivyo kuwa na kanda kumi: tano zenye vitundu na tano zisizo navyo, zikipishana. Vitundu hivyo viko katika jozi, na kila jozi ni mahali mguu mrija mmoja ulipopenya gamba kutokea mfereji uliokuwa ndani. Mwalimu akiliweka gamba mbele ya mwanga wa dirisha, kanda tano za nukta huwaka, na mfumo wa maji ambao kwa kiti cha pweza ungehitaji kupasuliwa ili uonekane, hapa unasomeka bila kisu. Upande wa juu kabisa kuna vibamba vitano vyenye tundu moja moja la kutolea mayai au mbegu, na kimojawapo kati ya hivyo vitano ni kikubwa zaidi na kimejaa vitundu vidogo: hicho ndicho madreporiti. Vinundu vya mviringo vilivyotapakaa gamba zima ni viungo ambavyo miiba ilizungukia, kama bega la mtu linavyozunguka ndani ya tundu lake.

Nimetumia neno gamba kwa sababu ndilo linaloeleweka, ila mwalimu asiache darasa lidhani kwamba ni sawa na gamba la konokono. Konokono hutengeneza nyumba iliyo nje ya mwili wake; gamba la nungu bahari lilikuwa ndani ya ngozi, na hata miiba yake ilifunikwa na ngozi nyembamba wakati mnyama akiwa hai. Kipande kidogo cha gamba lililovunjika kikidondoshewa tone la asidi hafifu ya hidrokloriki hutoa mapovu ya kaboni dayoksaidi, na hapo somo la kemia na la baiolojia hukutana mezani.

Lipo jambo moja ambalo kiti cha pweza humshinda nungu bahari waziwazi, nalo ni uimara. Gamba tupu ni jepesi na hupasuka kirahisi, na basi linalopanda mlima wa Kitonga kuelekea Iringa halimhurumii mtu wala mzigo. Lifungwe kwa pamba ndani ya kopo gumu, na darasani lizungushwe likiwa ndani ya sahani badala ya kupitishwa mkono kwa mkono. Kiti cha pweza mwenye ngozi nene hustahimili mikono ya darasa zima kwa miaka mingi. Shule ambayo haina mtu wa kuangalia kabati la maabara itafanya vizuri kulizingatia hilo kabla ya kufuata ushauri wangu.

Hali hubadilika tena ikiwa shule inataka kielelezo cha kupasua, kilichohifadhiwa katika spiriti. Hapo kiti cha pweza hana mpinzani. Ukifungua mkono mmoja kwa mkasi kutokea juu, unakuta jozi ya tezi kubwa za mmeng'enyo zilizoujaza mkono karibu wote, chini yake jozi ya tezi za uzazi, na chini kabisa safu za vifuko vya miguu mirija. Mwanafunzi anaelewa papo hapo kwamba viungo muhimu vimegawanywa katika kila mkono. Katikati ya mwili kuna tumbo lenye sehemu mbili, na ile ya chini ndiyo ambayo mnyama huyu huitoa nje kupitia mdomoni, akaisukuma ndani ya ufa mwembamba wa kombe na kumyeyusha chaza akiwa bado ndani ya makombe yake. Ulaji wa namna hiyo una athari kubwa. Katika mwambao wa jimbo la Washington nchini Marekani, Robert Paine aliwaondoa viti vya pweza wa spishi ya Pisaster ochraceus kwenye sehemu ya mwamba, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 1966 yalionyesha kwamba kome walitawala mwamba huo na kuzisukuma nje spishi nyingi nyingine. Upande wetu wa Bahari ya Hindi, jenasi ya Acanthaster, yenye mikono mingi na miiba ya sumu, hula matumbawe hai, na ikiongezeka kupita kiasi huacha miamba ikiwa myeupe. Huyo asiagizwe kwa ajili ya shule, hata akiwa amekaushwa.

Ulinganisho wa pili ambao mwalimu anauhitaji ni wa uainishaji, na hapa macho hudanganya. Faila hii ina ngeli, yaani makundi madogo ndani ya faila, tano zilizo hai: Asteroidea, ambayo ni viti vya pweza; Ophiuroidea, wenye kitovu kidogo na mikono myembamba inayojipinda; Echinoidea, ambao ni nungu bahari; Holothuroidea, yaani majongoo bahari; na Crinoidea, wenye mikono ya manyoya, ambao baadhi yao hukaa wameshikilia sakafu ya bahari kwa kikonyo. Mwanafunzi akiwekewa kiti cha pweza na Ophiuroidea pamoja, atasema ni ngeli moja. Tofauti zipo: kwa Ophiuroidea mikono imetengana wazi na kitovu, ndani yake ina vipingili vigumu vinavyofuatana, mifereji ya chini imefunikwa, madreporiti iko upande wa mdomo, hakuna njia ya haja, na mnyama hujisukuma kwa kuirusha mikono yenyewe, si kwa kutegemea miguu mirija. Wanasayansi walibishana kwa miaka mingi iwapo ndugu wa karibu zaidi wa Ophiuroidea ni viti vya pweza au nungu bahari, kwa kuwa lava wao, yaani watoto ambao bado hawajapata umbo la wazazi, wanafanana na wa nungu bahari. Uchunguzi wa jeni uliochapishwa kuanzia mwaka 2014 umeelekeza kwamba ni ndugu wa viti vya pweza, na kwamba kufanana kwa lava hakutoshi kuthibitisha undugu.

Mfano mwingine wa uainishaji kusahihishwa ni ule wa Xyloplax, mnyama mdogo wa mviringo asiye na mikono aliyepatikana juu ya magogo yaliyozama kwenye kina cha zaidi ya mita 1,000 karibu na New Zealand. Mwaka 1986 alitangazwa kuwa ngeli ya sita. Leo amerudishwa ndani ya Asteroidea, akihesabiwa kuwa kiti cha pweza aliyebadilika sana. Naupenda mfano huu kwa sababu unamwonyesha mwanafunzi kwamba ngeli ni hoja inayosubiri ushahidi, na kwamba anayefika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya au kwingineko anaweza kuibadilisha.

Jongoo bahari ndiye anayestahili nafasi ya tatu kabatini, ingawa kwa sura ndiye mnyonge kuliko wote. Anaonekana kama soseji, mdomo upande mmoja na njia ya haja upande mwingine, na darasa lote litabisha kwamba hana uhusiano wowote na nyota. Kumbe ndugu zake wa karibu zaidi ni nungu bahari. Chukua gamba la nungu bahari, fikiria limevutwa kwa urefu kutoka mdomoni hadi kileleni kisha likalazwa ubavu: zile kanda tano za miguu bado zipo, zikiwa zimeenda kwa urefu wa mwili. Vibamba vya kiunzi vimepungua hadi kubaki chembe zisizoonekana kwa jicho, zilizotapakaa ndani ya ngozi. Hapa ndipo shule yenye hadubini inapopata zoezi bora kuliko yote ninayoyajua katika faila hii: kipande cha ngozi chenye ukubwa wa punje ya mchele, kikiwekwa ndani ya matone machache ya jiki kwenye kioo cha hadubini, huyeyuka kwa muda mfupi na kuacha chembe hizo zikiwa safi, baadhi zikiwa na umbo la vifungo vya shati na nyingine la meza ndogo. Wataalamu hutambua spishi za majongoo bahari kwa maumbo hayo. Zoezi lifanyike karibu na dirisha lililo wazi, na jiki isichanganywe kamwe na ile asidi ya zoezi la gamba, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu.

Jongoo bahari ana mengine ya kueleza. Huvuta maji kupitia njia ya haja hadi kwenye viungo vya hewa vyenye matawi vilivyo ndani ya mwili. Akishambuliwa, baadhi ya spishi hutema matumbo yao na baadaye kuyaotesha upya. Na spishi ya Holothuria scabra hufugwa Zanzibar kwa ajili ya soko la Asia, ambako ni chakula cha heshima. Mwanafunzi wa Iringa anayejua kilimo cha chai na parachichi ataelewa haraka somo la mazao yanayokwenda mbali.

Kuhusu Crinoidea sina mengi ya kushauri. Ni wachache, hukatika wakiguswa, na picha nzuri inatosha.

Kwa shule zenye kidato cha tano na cha sita, ipo sababu nyingine ya kumtanguliza nungu bahari, nayo ni nafasi yake katika historia ya elimu ya seli. Mwaka 1876 Oscar Hertwig alitazama yai la nungu bahari, ambalo hupitisha mwanga, akaona kiini cha mbegu kikiungana na kiini cha yai. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 1982, Tim Hunt alikuwa akifanya kazi na mayai ya nungu bahari alipogundua protini zinazoongoza mgawanyiko wa seli, ugunduzi uliompatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2001. Kiti cha pweza naye ana fahari yake: mwaka 1882 kule Messina, Ilya Metchnikoff alichoma kijiti cha mwiba ndani ya lava wa kiti cha pweza anayepitisha mwanga, akaona seli zikikusanyika kuuzingira, na kutokana na hapo elimu ya kinga ya mwili ikapata msingi wake mmoja. Lava hao, tofauti na wazazi wao, wana upande wa kulia na wa kushoto, na viinitete vyao huanza ukuaji kwa njia inayofanana na ya wanyama wenye uti wa mgongo. Ndiyo maana Ekinodermata, pamoja na kuonekana wa ajabu, ni jamaa wa karibu wa binadamu kuliko walivyo wadudu, konokono au minyoo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 juu ya kiti cha pweza wa spishi ya Patiria miniata ulionyesha kwamba jeni zinazofanya kazi katika ngozi ya mwili wake mzima ni zile ambazo kwa wanyama wengine huhusika na kichwa, huku zile za kiwiliwili zikikosekana hapo.

Limebaki suala la kuhifadhi na la kupata. Hewa ya Njombe, Makete na Tukuyu wakati wa masika ina unyevu mwingi, na kiti cha pweza aliyekaushwa vibaya huota ukungu na kutoa harufu. Gamba safi la nungu bahari halina nyama ya kuoza, hivyo husalimika. Vielelezo vya majimaji vikae katika spiriti ya asilimia 70, si fomalini, kwa kuwa fomalini isiyorekebishwa huwa na asidi inayokula kalsaiti na mvuke wake hudhuru macho na mapafu ya watoto katika vyumba ambavyo madirisha hufungwa kwa ajili ya baridi. Kuhusu kupata, gamba la nungu bahari huokotwa ufukweni mnyama akiwa amekwisha kufa, ilhali karibu kila kiti cha pweza anayeuzwa kwa watalii aliuawa kwa kukaushwa juani. Kwangu mimi tofauti hiyo ina uzito mkubwa. Hakuna kitu kinachoruhusiwa kuchukuliwa kiholela ndani ya maeneo ya hifadhi za bahari, kama ile ya Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, au visiwa vya Bongoyo na Mbudya karibu na Dar es Salaam, kwa hiyo mtu anayetumwa aelezwe hivyo kabla ya safari.

Shule inayoanza kabisa inunue au iombe magamba mawili ya nungu bahari, moja zima na moja lililovunjika, pamoja na picha kubwa ya kiti cha pweza akiwa hai. Shule yenye kidato cha tano na cha sita iongeze kiti cha pweza mmoja wa spiriti kwa ajili ya kupasua na kipande cha ngozi ya jongoo bahari kwa ajili ya hadubini. Kabla ya kuagiza wanyama wa spiriti, mwalimu awaandikie wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Zanzibar, awaulize spishi zipi zinaweza kuchukuliwa bila madhara na vibali gani vinatakiwa. Kielelezo kikifika, kibandikwe karatasi yenye jina la spishi, ufukwe kilikotoka na tarehe, iandikwe kwa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka ndani ya spiriti.